Kioo cha Juu na Mabibo ya Kiti cha Nyuma

Jumatatu saa tatu asubuhi Benedikto, fundi vioo, alikuwa amesimama juu ya kiti cha nyuma cha Harrier ya Tahiri, viatu amevivua, kichwa kimetokeza nje kupitia tundu la paa. Alipima tundu kwa futi ya utepe, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono, maana daftari lake lilikuwa limemwagikiwa chai. Vipande vya kioo kilichovunjika vilikuwa vimeshafagiliwa. Vilijaa nusu ndoo, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe.

"Kimevunjwa na nini?" aliuliza.

"Bibo," Tahiri alisema.

Benedikto aliinama, akaingia ndani, akatazama juu. Gereji yake iko jirani na stendi ya Masasi, na hapo hakuna mti wowote, hata mwarobaini. Lakini ukiwa ndani ya gari, ukiinua macho kwenye tundu, uliona matawi ya mkorosho, majani mapana yenye vumbi la dawa ya salfa, na mabibo ya njano na mekundu yakining'inia. Ukitoa kichwa nje, uliona mbingu tupu ya Oktoba na nyaya za umeme. Benedikto aliingiza kichwa na kukitoa mara tatu, kwa sababu ya vipimo.

"Msimu mzuri mwaka huu," alisema.

Tahiri hakuwa na habari na msimu. Alitaka kujua bei. Alikuwa amewapigia simu mafundi watatu. Wa kwanza, wa Dar es Salaam, alisema laki tatu na nusu. Wa pili, wa Dar hiyohiyo, mtaa huohuo, alisema milioni moja na laki mbili. Wa tatu, wa Mtwara, hakutaja bei. Alimuuliza maswali tisa, na Tahiri aliweza kujibu mawili: rangi ya gari na jina lake mwenyewe.

"Wote wamesema kweli," Benedikto alisema. "Kioo cha juu ni kama mahari, bosi. Wanaanza kwa kuuliza binti wa nani."

Akaeleza, huku akivaa viatu. Kuna gari la mwaka huu na la mwaka ule, na kioo cha moja hakiingii kwa mwenzake hata ukikibembeleza. Kuna kioo kinachofunguka na kilichotulia. Kuna kidogo cha hapo mbele, na kuna kile kinachofunika paa zima, ambacho mwenye nacho akivunjikiwa huuza mbuzi. Ukinunua kipya utalia siku moja. Ukinunua cha mtumba, kilichotolewa kwenye gari lililopinduka, utalipa theluthi, lakini ukingo wake ukague kwa kidole, kwa sababu ukingo ukiwa na pengo dogo kama punje ya mchele, kioo kitafika Lindi kikiwa na ufa.

"Halafu kuna reli na mota. Chenga za kioo zikiingia kwenye reli na mtu akabonyeza swichi, mota inaungua, na mota ina bei yake. Ulibonyeza swichi?"

"Nilibonyeza."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

Benedikto alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Kuna mpira wa pembeni, kuna mifereji minne ya kutolea maji, kuna nauli ya basi. Ya kupakatwa na ya kutupwa kwenye buti si nauli moja. Na kama haya yanayoanguka yataendelea kuanguka, hiyo ni bei nyingine. Au si bei. Sijui. Hiyo sijawahi kumtoza mtu."

Tahiri alisikiliza yote na akabaki anajua kidogo kuliko alivyokuja.

Bibo likaanguka juu ya kiti. Benedikto aliliokota, akaikongoa korosho, akala bibo lote kwa kuinamia mbele ili maji yake yasidondokee shati, kisha akaishika ile korosho kwenye vidole viwili.

"Mwenye mti nani, nimwekee?"

"Weka tu hapo," Tahiri alisema.

Benedikto aliiweka juu ya dashibodi, akaitazama, akamtazama Tahiri. Katika uwanda wa Newala, kutoka Mnyambe mpaka Chilangala, mtoto huambiwa hili kabla hajaota meno ya pili: bibo ni la mpita njia, korosho ni ya mwenye mti. Kiu ikikushika njiani utaokota bibo, utakula, utashukuru, na korosho utaiacha palepale chini ya shina. Anayeitia mfukoni ni mwizi, hata ikiwa moja.

"Ijumaa kioo kiwe kimeshafungwa," Tahiri alisema. "Ijumaa nina safari."

Safari yenyewe ilikuwa ya kupeleka posa. Tahiri alikuwa na miaka thelathini na mbili, duka la mabati na saruji, na moyo uliokuwa umeganda kwa Shamila, mwalimu, binti wa Mzee Mahmudu wa Newala. Mzee Mahmudu alikuwa ameshamkataa mposaji mmoja kwa sababu kaka wa mposaji huyo alionekana amesimama nje ya kilabu cha uraka, pombe ya mabibo. Alikuwa anajikinga mvua tu, lakini alionekana. Na Harrier ya Tahiri, kwa muda wa wiki tatu, ilikuwa inanuka uraka. Mabibo yakilala ndani ya gari lililofungwa, kufika saa kumi yanachacha yenyewe, hayangoji pipa. Tahiri, ambaye hakuwahi kuonja kileo, alikuwa akiteremka msikitini na harufu ya mtu aliyekesha.

"Wewe hunywi," jirani yake wa safu alimwambia, "lakini gari lako, ndugu yangu, limeharibika kabisa."

Kwa hiyo kioo kilihitajika. Kikija kioo, mabibo yatabaki nje, harufu itakwisha, na Shamila atapatikana. Hilo peke yake ndilo Tahiri alilolielewa katika mambo yote yale, na alilishika kwa mikono miwili.

Kioo kilifika Jumatano, cha mtumba, kimepakatwa na abiria kutoka Dar, kimefungwa kwa blanketi. Alhamisi Benedikto alikisafishia reli kwa mswaki, akabadilisha mpira, akapuliza mifereji kwa mdomo, akakifunga. Kisha akapanda kwenye kreti, akamwaga ndoo mbili za maji juu ya paa. Halikuingia hata tone. Wakakaa ndani, fundi na mwenye gari, wakatazama juu. Nyuma ya kioo matawi yalikuwa yametulia.

Bibo likaanguka kwenye kiti cha nyuma.

Lilianguka kutoka chini ya kioo, pale ambapo palikuwa na hewa tu. Likafuata la pili. Tahiri alipapasa kioo, kilikuwa kizima na kimekauka.

"Yameshajua njia," Benedikto alisema.

"Basi kazi haijakamilika."

"Imekamilika, bosi. Mimi natoa dhamana ya maji. Ingia na gari mtoni ukitaka. Mabibo si kazi ya fundi vioo."

"Ni kazi ya nani?"

Benedikto alifikiri kwa haki kabisa. "Ya mwenye mti," alisema, akaenda kunawa mikono.

Tahiri alirudi nyumbani, akaosha viti kwa sabuni na ndimu, akakaa. Alikuwa na karatasi inayohusu miti. Aliitoa kabatini akaisoma, labda imo sentensi ya kumsaidia. Shangazi yake Pili, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa na mikorosho arobaini na mmoja Chilangala. Aliipanda mwenyewe, kwa mkono wake, mwaka alioachika. Mwaka juzi, alipokuwa amelazwa kwa ajili ya mguu, Tahiri alimpelekea karatasi za kuweka dole gumba, akamwambia ni za hospitali. Zilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hospitali kweli; ya pili ilimpa Tahiri shamba, naye akaliuza. Aliyenunua shamba aliikata mikorosho yote kwa wiki moja, akaichoma mkaa, akaweka pale kiwanda cha matofali. Kwa fedha ile Tahiri alinunua Harrier yenye kioo cha juu, na shangazi alipotoka hospitali alimpangishia chumba Chiwata, chumba kizuri, chenye dirisha.

Karatasi ilikuwa na muhuri. Tahiri aliisoma mara nne na hakuona kosa. Kama kosa halimo kwenye karatasi, lipo wapi? Akairudisha kabatini, amechanganyikiwa vilevile.

Ijumaa baada ya swala alimpakia Mzee Shamte, mshenga, mbele. Nyuma alikaa Shangazi Pili, maana posa ya mtoto aliyelelewa na shangazi haiendi bila shangazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari lile.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Gari lina kivuli kizuri."

Walipoanza kupanda mwinuko wa kwenda Newala, bibo lilimwangukia mapajani. Aliligeuza. Lilikuwa jembamba, la njano, lenye shingo.

"Hili la ule mkorosho wa nyuma ya choo," alisema. "Ulikuwa unatangulia wenzake kila mwaka."

Likaanguka jingine, jekundu, nene.

"Na hili la ule uliopigwa na radi. Kumbe umepona."

"Miti haisahau kazi yake," Mzee Shamte alisema, akafungua dirisha kwa sababu ya harufu. Tahiri alikaza macho barabarani.

Nyumbani kwa Mzee Mahmudu mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Mzee alitoka mpaka kwenye gari, kama adabu inavyotaka, na mkewe Rahima nyuma yake. Tahiri alifungua mlango na harufu ikatangulia kushuka. Alingoja neno la uraka. Mzee Mahmudu aliinama, akatazama kiti, akatazama kioo, akatazama bibo lililokuwa linaanguka wakati huohuo.

"Yameiva vizuri," alisema. "Ila msiyafungie, yatachacha. Mama Shamila, lete sinia."

Wakala, wote, kabla ya maneno, kwa kuwa mgeni akija na mabibo si vyema kuyaacha yakaharibika. Rahima alimpelekea Shamila mawili ndani. Walipomaliza, kila mmoja aliweka korosho zake kwenye sinia, na Shamila akazileta zake, akaziweka, akainamisha macho, akarudi ndani. Zilikuwa kumi na saba. Mzee Mahmudu alifuta mikono.

"Sasa," alisema, "kabla hatujaingia kwenye lililowaleta. Mwenye mti nani, tumrudishie chake?"

Mzee Shamte alimtazama Tahiri. Jibu lilikuwa fupi, na lilikuwa na muhuri, lakini Tahiri alipofungua kinywa hakuliona. Akisema "mimi", kikao kizima kitageuka kumtazama mwanamke aliyekaa pembeni, anayejua kila bibo limetoka mti gani. Akisema "yeye", basi amebeba korosho za mtu kutoka Masasi mpaka Newala, na hakuna mzee wa uwanda huu atakayemwoza binti yake kwa mwizi wa korosho. Alitazama sinia.

"Ni zake," Shangazi Pili alisema.

"Alipanda yeye?"

"Nilipanda mimi. Lakini ana karatasi."

"Karatasi ya nani?"

"Yenye dole langu."

Rahima aliacha kufuta sinia, akauliza, "Ulijua imeandikwa nini, mama?"

"Nilikuwa na homa," Shangazi Pili alisema. "Lakini dole ni langu. Nimeliona."

"Dole ni dole," Mzee Mahmudu alisema hatimaye, akalisukuma sinia mbele ya Tahiri. "Chukua zako, kijana. Mshenga, sema."

Mzee Shamte akasema, na alisema vizuri. Mahari yalikubaliwa, ikatajwa siku baada ya mfungo, fatiha ikasomwa. Shangazi Pili alipiga kigelegele kimoja, kirefu, cha mwanamke aliyelea mtoto mpaka akaoa. Rahima alimkumbatia muda mrefu, akamfunga khanga mpya kiunoni, na kuhusu jambo lile lingine hapakuwa na aliyesema kitu, kwa kuwa lilikuwa limeshajibiwa.

Walirudi jua likiwa bado juu. Mzee Shamte alilala tangu kona ya kwanza. Nyuma mabibo yalianguka taratibu, moja moja, na Tahiri alimsikia shangazi yake akiyala, akifyonza maji yake bila haraka. Kila alipomaliza moja alinyoosha mkono kati ya viti viwili.

"Baba, korosho yako."

Tahiri aliipokea kwa mkono wa kushoto, maana barabara ilikuwa na kona nyingi, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Mara ya pili akasema ahsante. Mara ya tano alitaka kusema abaki nayo, lakini hakujua atalisemaje bila kusema mengine, na mengine hakujua yanaanzia wapi. Mkono ukaja tena. Ulikuwa na utomvu wa korosho kwenye vidole, ule unaobabua ngozi.

Alipomshusha Chiwata, mfuko ulikuwa umejaa mpaka umeivuta kanzu upande. Shangazi Pili alikunja mkeka wake, akautia kwapani.

"Zianike mapema," alimwambia. "Mvua zinakaribia."

"Ndiyo, Shangazi."

Akaingia kwenye chumba chake chenye dirisha. Jumamosi asubuhi Tahiri alizimwaga juu ya bati nyuma ya duka, akazitandaza zisigusane, na saa nane akazigeuza. Zilikauka vizuri.