Safari za Kutungwa Chumbani

Kwa miaka miwili binti huyu alisafiri kila Jumamosi bila kutoka chumbani kwake. Usishangae, hilo linawezekana kabisa ukiwa na simu na mama mwenye wasiwasi. Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani, wa wale ambao wakiona pindo limepinda kwenye gauni la mtu wasiyemjua, usingizi unawaruka. Alimruhusu mwanawe aende kusoma ng'ambo kwa sharti moja: "Nikijua unajifungia ndani unanyong'onyea, nakuja kukuchukua mwenyewe, iwe umemaliza au hujamaliza." Basi kila Jumapili akipiga simu kuuliza mwanawe ametembea wapi, jibu lilikuwa tayari. Ziwani. Msituni. Kwenye mji wa zamani wenye ngome. Picha aliziomba kwa wanafunzi wenzake waliokwenda kweli, na maneno akayatia chumvi mwenyewe.

Kisa cha yote hayo kilikuwa kidogo mno, nami nakisema ili tusimwonee. Wiki ya kwanza alipanda basi la upande usiokuwa wake, likamfikisha mwisho wa mji. Akamwuliza dereva njia kwa lugha aliyofundishwa darasani, na nyuma yake abiria wawili wakacheka. Huenda walikuwa wanacheka mambo yao. Yeye aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na siku hiyohiyo akakata shauri: darasani, karakanani, dukani, chumbani, yatosha.

Masomo hayakumshinda. Alikuwa anasomea kutengeneza miguu ya bandia, na darasani kwao hakuna aliyemfikia kwa kulainisha ukingo wa plastiki usije ukamchubua mvaaji. Watu walivaa miguu aliyoitengeneza, wakaenda zao sokoni na kazini. Ya kwake mwenyewe, mizima yote miwili, ilikaa chini ya meza ikisubiri Jumatatu.

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja mama alipopiga simu siku isiyo Jumapili. "Baba yako amestaafu, kazi yake sasa ni kunifuata jikoni kunikosoa. Tunakuja siku kumi. Na wikendi zote mbili utatupeleka kulekule ulikokwenda wewe."

Jamani. Alikaa kitandani, simu mkononi. Mama akigundua, atamrudisha nyumbani huku amebakiza mwaka mmoja, na mama huyo hakuwa mtu wa kutishia bure. Siku tano mfululizo alikariri ramani kuliko alivyowahi kukariri mifupa ya nyonga.

Wakaja. Mama alikagua chumba, akapapasa godoro, akafungua kabati, akaguna mara mbili bila kueleza anaguna nini. Baba alikaa dirishani. Alikuwa ameendesha mabasi ya masafa marefu miaka thelathini na moja, na hata sasa akipakiwa na mwenzake, mguu wake wa kulia hukanyaga breki zisizokuwepo. Maneno alikuwa nayo machache.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya ziwa. Binti alitangulia kifua mbele kama mwenyeji. Kwenye treni mambo yalikwenda vizuri. Waliposhuka tu, njia ikagawanyika kuwa tatu, na ramani ilikuwa na mbili.

"Wamebadilisha njia hawa," akasema.

"Wamebadilisha na mlima?" baba akauliza, maana mbele yao palikuwa na mlima.

Walizunguka uwanja wa kuegeshea magari mara mbili, wakamsalimia mlinzi yuleyule mara mbili, ndipo wakaliona ziwa. Lilikuwa zuri kweli, tulivu, maji ya kijani. Mama akavua viatu, akatandika kanga kwenye majani, wakala mayai ya kuchemsha na mkate. Kisha akasema picha aliyotumiwa ilikuwa na daraja. Binti akajibu daraja liko ng'ambo ile. Mama akatazama ng'ambo ile kwa muda, akasema anakwenda msalani.

Alipotoweka, baba akafuta mikono taratibu kwa leso.

"Mama," akamwambia, kwani hivyo ndivyo alivyomwita binti yake tangu mdogo, "njia hii hujawahi kuipita."

"Nimewahi, baba."

"Anayeijua njia anatazama mbele. Wewe ulikuwa unasoma vibao kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama."

 Akasema yote, lile basi, kile kicheko, picha za kuomba, na aliposema machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mkate. Alisema hana rafiki wa kumpigia hodi. Alisema anaipenda kazi yake na hataki kuiacha, lakini Jumamosi akiamka anaogopa mlango.

Baba hakumkaripia. "Mama yako akilijua hili, tunarudi watatu."

"Utamwambia?"

"Mimi? Toka nimuoe sijawahi kumpasha habari asiyokuwa nayo." Akakunja leso. "Sikia. Dereva mgeni akiletwa kwangu, sikumkalisha pembeni nimwoneshe kona. Nilimpa gari tupu, nikamwambia nenda mpaka mwisho, urudi, unisimulie njia. Akinisimulia mashimo, namwachia abiria. Akiniambia barabara ni nzuri tu, namrudisha, huyo alikuwa anaogopa usukani, hakuona kitu. Jumamosi ijayo utakwenda kwenye ngome peke yako. Sisi tutakusubiri stesheni."

Wiki ikapita. Mama alishona vifungo vya wanafunzi wa ghorofa nzima, na kwa siku nne akawajua majirani ambao mwanawe hakuwajua kwa miaka miwili. Binti aliona yote hayo.

Jumamosi ya pili, stesheni, alianza kueleza kwa nini anakwenda peke yake.  Baba akadakia, "Ana jambo lake. Atarudi saa tisa." Mama alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akaketi kwenye benchi na kutoa sindano yake. "Nenda basi," akasema. "Treni haisubiri mtu."

Saa tisa ikafika, treni ikaja, hayumo. Saa tisa na nusu, hayumo. Baba akawa anakanyaga breki zake chini ya benchi. Saa kumi na robo ndipo akashuka kutoka behewa la mwisho, amelowa chapachapa, anachechemea, nywele zimemsimama.

Mama alimvua viatu palepale, akazifikicha nyayo zake kwa kanga. "Haya, simulia."

Na yeye akasimulia, hasira bado zimempanda. Kwamba kibao cha treni kilionesha jukwaa namba tano na treni ikaingia namba saba, mpumbavu gani anapanga hivyo. Kwamba alikwenda vituo vitatu upande usiokuwa wake, ikabidi amwulize mkaguzi wa tiketi, ulimi ukamkwama, mkaguzi akamsahihisha neno mara tatu kama mtoto wa chekechea, kisha akamshusha na kumpandisha nyingine. Kwamba alikaa na bibi mwenye mbwa, na mbwa akala nusu ya mkate wake, na bibi badala ya kuomba radhi akamlaumu kwa kuuweka karibu. Wakagombana. Mwishowe bibi akampa chungwa na kumwambia Jumamosi ijayo huwa anapanda treni hiyohiyo. Kwamba mvua ilimkuta mlimani. Kwamba ngome yenyewe, baada ya yote hayo, imefungwa kwa matengenezo, akaona ukuta tu, tena wa nyuma.

"Na viatu hivi ni takataka," akamalizia. "Vimenichubua kisigino chote."

Akangoja kuulizwa kwa nini mji aliodai amekwisha kwenda umemshinda hivyo. Mama hakuuliza. Alikuwa ameinamia zile nyayo, na mabega yalikuwa yanatikisika. Binti alidhani anacheka. Alikuwa analia.

"Wewe ni mtoto wa kulalamika tangu unazaliwa," mama akasema. "Chai ikiwa moto unalalamika, ikipoa unalalamika. Halafu uende ziwani, uende msituni, miaka miwili, usinyeshewe hata siku moja? Usiumwe hata na mbu? Kila mahali pazuri, watu wote wazuri. Nilijua tangu mwezi wako wa pili huku."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungetunga vizuri zaidi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa nikikata simu nakaa na cherehani yangu nalia. Mwanangu yuko peke yake na ananificha nisiumie. Nimekuja kukuchukua. Tiketi yako baba yako anayo tangu nyumbani."

Binti akamgeukia baba. Baba akajikuna sikio, akatazama ubao wa treni.

"Mama, nimebakiza mwaka mmoja tu. Tafadhali."

"Najua umebakiza nini." Mama alizidi kumfikicha kisigino, taratibu, akipita pembeni ya mchubuko. "Kesho tiketi hiyo irudishwe. Utabaki. Lakini nikipiga simu nikukute umelowa, umechoka, umegombana na mtu. Ukiniambia tu kwamba kulikuwa kuzuri, napanda ndege."

Akaegemea bega la mama yake na kulia kwa sauti mbele ya watu wote wa stesheni. Alipotulia alisema benchi lile lina baridi, na lina msumari.

Mama akamsogezea kanga. "Endelea," akasema.