Kona ya Mtaro

Mimi wivu ninao, sikatai, na anayetaka kunicheka anicheke. Ila hebu kwanza nikueleze jinsi mume wangu alivyochimba ule mtaro, halafu uniambie kama wewe ungenyamaza.

Tunakaa nje kidogo ya mji, ukishapita Ruhuwiko, kule nyumba zilikoachana na mahindi yanafika mpaka dirishani. Bomba la maji na nguzo za umeme vyote viliishia barabarani. Miaka yote nimeteka maji bondeni na kupanda kile kilima na ndoo kichwani. Ndipo Mwalimu Tumpe, mwanamke wa Kinyakyusa aliyehamishiwa shule ya hapa kwetu, akanunua kiwanja nyuma yetu akajenga. Maji yake na umeme wake havikuwa na njia nyingine ila kukatiza kwetu. Mume wangu Kajetani ni fundi bomba, wakakubaliana: mtaro mmoja, bomba la maji chini kabisa, mchanga juu yake, kisha waya wa umeme ndani ya paipu yake, tofali, halafu udongo. Na sisi tungechepushiwa maji humo humo.

Koki yangu ingekaa mlangoni pa jiko. Aliniahidi kwa mdomo wake, akagonga na kigingi. "Hapa, Mama Dastan. Utafungua maji umekaa kwenye kigoda." Kile kigingi nilikuwa nakitazama kila nikipita, nacheka peke yangu.

Shida ikaanzia kwenye chai. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Mwalimu alishinda nyumbani, na kila jua likipanda utamwona anakuja na chupa. "Kaka Kaje, pumzika kidogo." Kaka Kaje! Mimi niliyefunga naye ndoa kanisani sijawahi kulikata jina lake. Halafu mtu anayeniambia mimi kwamba sukari inamletea kiungulia, kule anakoroga vijiko viwili na kijiko anakilamba. Akaletewa na viazi, akavisifia mbele yangu kwamba vimekolea chumvi. Vyangu vilipungua chumvi lini? Rohoni nilikuwa navimba.

Nikawa nawachungulia kupitia dirisha la jiko. Siku moja niliwakuta wamesimama wote wawili kwenye mtaro, hawacheki, wanaongea chini chini, na Mwalimu ameweka mkono kifuani. Ningewaona wanacheka ningevumilia. Kuongea kule kulinikata maini.

Siku iliyofuata mtaro ukapinda. Ulikuwa umetoka barabarani umenyooka vizuri, unakuja jikoni kwangu. Kabla ya kufika kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko, ukakata kona, ukaenda zake kufuata ua wa Mwalimu. Kigingi changu kilikuwa kimeng'olewa.

"Kona hii ya nini?" nikamuuliza Kajetani.

Hakuinua uso. "Kuna mwamba."

"Mwamba gani, na migomba imeota?"

"Upo chini. Koki utaipata, Mama Dastan. Itakaa upande ule."

Upande ule ni dirishani kwa Mwalimu. Yaani nikitaka maji ya kuoshea sufuria niende nikapige hodi kwa huyo, na mume wangu awe na sababu ya kwenda huko asubuhi na jioni. Namjua Kajetani. Akidanganya anajifanya ana kazi nyingi, na siku ile alichimba kama anakimbizwa. Usiku nilimpa mgongo, naye hakuuliza kwa nini.

Kesho yake akapanda bodaboda kwenda Mfaranyaki kununua elbo za kupindishia bomba na gundi ya paipu. Pikipiki haijapotea barabarani, mimi nimeshachukua jembe na mtaimbo. Nikaanzia pale penye kona nikachimba moja kwa moja kuelekea jikoni kwangu. Nilitaka akirudi aukute mtaro umenyooka, aniambie huo mwamba wake uko wapi. Udongo ulikuwa laini. Kila jembe lilipozama bila kugonga jiwe, hasira ilizidi kunipanda, na nisikufiche, nilikuwa nafurahi pia, maana nilishamkamata.

Nilipofika kwenye migomba nikasikia ua unavunjika. Mwalimu Tumpe kapita katikati ya miti, miguu mitupu.

"Mama Dastan, nakuomba, hapo usichimbe."

"Wewe ndiye wa kunipangia pa kuchimba kwenye kiwanja changu?"

"Hapana, dada. Ila weka jembe chini kwanza."

"Siweki. Mwambie kaka yako nimeutafuta mwamba, sijauona."

Akaanza kulia. Nikadhani sasa anakiri, nikajiandaa kumvaa. Badala yake akasema, "Hiyo kona niliikataa mimi. Ilikuwa inaongeza bomba na waya, nikamwambia kaka anyooshe. Ndipo akanieleza kwamba mtoto wenu wa kwanza yuko hapo."

Jembe likanitoka mkononi.

Kabla ya Dastan nilijifungua mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Mtoto wa namna ile kwetu hazikwi na wanaume. Mama mkwe wangu, Bibi Aurelia, na wanawake wenzake walimchukua wakamzika hapa hapa nyumbani, na mimi niliyemzaa sikuonyeshwa. Walisema mama akipajua mahali atakaa analia pale, na tumbo halitashika tena. Wanaume ndiyo kabisa, hawaambiwi kitu. Bibi Aurelia alikufa na siri yake. Miaka yote nafagia huu uwanja najiuliza, ni hapa? Ni pale? Leo nimemkanyaga wapi mwanangu?

Unadhani nililia? Uchungu ulikuja, lakini wivu ulitangulia. Mwanamke wa juzi, ambaye hata kisima chetu hakijui, alipajua alipolala mtoto wangu kabla yangu. Na machozi anamwaga yeye.

"Nenda kwako," nikamwambia. Akaenda.

Kajetani alinikuta nimekaa ukingoni mwa mtaro. Aliliona jembe, akaangalia nimeishia wapi, akashusha pumzi. Akaweka mfuko wake wa elbo chini, akakaa karibu nami.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Siku ile nilitoka shamba mapema. Nikamkuta mama anasawazisha udongo. Akaniapisha nisikwambie wewe maisha yangu yote."

"Mimi huniambii. Huyo ukamwambia."

"Mama aliniapisha juu yako. Wengine hakuwataja."

Nilimtazama mtu huyu. Amekitunza kiapo cha mama yake kwa uaminifu wote, na kwa uaminifu huo huo akaenda kumfungulia moyo jirani. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, sikufanya hata kimoja.

"Nionyeshe," nikasema.

Alisita sana. Mwishowe akasogea kwa magoti mpaka katikati ya mashina mawili ya migomba, akaweka kiganja chini. "Ni hapa." Na mimi nikaweka changu. Ulikuwa udongo kama udongo mwingine, una majani makavu na sisimizi. Hapo sasa nililia, na yeye akaniacha nilie.

Nilipotulia akaniuliza, bila kunitazama, "Na mimi sikuambiwa. Nilimuuliza mama, akanifukuza. Alikuwa mtoto gani?"

Sikuwahi kufikiri kwamba hajui. Mimi nilimwona kabla hawajamfunika. Wanawake waliomwona siku ile wameshakufa wote, kwa hiyo duniani najua mimi tu. Nikatamani kumnyima. Nikatamani na yeye apite kwenye huu uwanja akijiuliza, kama nilivyojiuliza mimi. Ng'ambo ya ua nilimsikia Mwalimu akipenga kamasi.

Nikamvuta Kajetani sikio mpaka mdomoni pangu.

"Wa kike," nikamnong'oneza. "Na huyo usimwambie."