Kamati ya Tuta

Kwa miaka kumi na moja mfululizo, kila Jumanne ya kwanza ya Machi, nilisimama katika ukumbi wa mji wa Harrow Mills na kulisema baraza letu mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Hapa Vermont mkutano wa mji ni wa kila mtu. Ukiwa mkazi na umejiandikisha kupiga kura, una haki ya kunyanyuka na kusema la moyoni, na mimi Lucien Desrochers sikuwahi kuiacha haki yangu ilale. Watu walikuja na sufu zao za kufumia, wakapanga vyungu vya maharage ya kuoka na pai za tufaha kwenye meza ya nyuma, wakakaa kunisubiri. Nadhani walifuata maharage kwanza, mimi baadaye.

Hotuba yangu haikubadilika sana. Mto Wexel umefurika mara tatu ndani ya miaka sita. Mvua za siku hizi si zile walizozijua babu zetu, mbingu zimeharibika na wenye macho wanaona, na sisi tunaongozwa na watu watatu wasioweza kuamua hata rangi ya mlango wa choo cha ukumbi. Hilo la choo lilikuwa kweli tupu. Liliwachukua miezi minne. Nilisema tunataka kiongozi wa kuthubutu, mwenye uti wa mgongo, atakayefanya jambo gumu hata kama kuna mtu litamuuma. Hapo makofi yalilipuka. Kisha mwenyekiti wa baraza, Royce Tuttle, alinishukuru kwa mchango wangu mzuri na kupendekeza iundwe kamati. Tukaenda kula.

Royce si mtu mbaya. Ni bingwa wa danadana tu. Ana miaka ishirini na miwili katika kiti kile, na hajawahi kumuudhi mtu kwa jambo alilolifanya, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya. Ukimpelekea shida yako anakukaribisha, anakusikiliza, anaiandika kwa mwandiko mzuri, na unatoka pale umefarijika na shida yako ukiwa nayo vile vile.

Mafuriko hayo yalikuwa yananihusu damu kwa damu. Dada yangu Odile anaishi mtaa wa chini, katika nyumba moja ya zile zinazoletwa juu ya lori na kuegeshwa juu ya matofali. Ana miaka sabini na mmoja, mguu mmoja mbovu, na mdomo mzima kabisa. Maji yameingia kwake mara zote tatu. Mara ya mwisho watu wa zimamoto walimtoa kwa boti akiwa amepakata cherehani yake, na alipokanyaga nchi kavu akawaambia wamechelewa na boti yao inanuka. Kila nilipohutubia nilimnyooshea kidole kama ushahidi. Hakunipigia makofi hata mara moja. Nilijiambia ni kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika sindano za kufumia.

Machi iliyopita kiti kimoja cha baraza kilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyemteua Maude Coutermarsh. Maude anaendesha basi la shule. Mwanamke anayewanyamazisha watoto arobaini na wawili kila asubuhi kwa kuwaangalia tu kwenye kioo, niliwaambia wakazi, hawezi kushindwa na watu wazima wawili. Ukumbi ukacheka, kura zikapigwa, Maude akashinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeukomboa mji.

Mwezi wa tano akaja kwangu. Alikaa mezani jikoni, akakataa kahawa, akatandaza ramani. Ilikuwa ramani ya shamba langu.

Itabidi nieleze kuhusu tuta. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minne mto uliingia katika shamba la chini na kusomba mahindi yote ya ng'ombe. Baba yangu aliazima katapila, na kwa majira mawili ya joto akasukuma udongo na mawe ukingoni mpaka likasimama tuta refu kuliko yeye, kuanzia kwenye miti ya misonobari hadi mpakani. Tangu hapo ekari zile kumi na nne hazijalowa ila kwa mvua. Ndilo shamba bora nililo nalo. Baba alidondoka akafa akiwa juu ya tuta lile, akikagua mashimo ya panya, na sisi tulisema amekufa kama alivyotaka.

Maude aliweka kidole kwenye tuta, akakiburuta taratibu kufuata mto mpaka mtaa wa chini. Akaeleza kwamba zamani mto ukijaa ulitandaa shambani, ukapumzika, ukashuka mjini umechoka. Baba alipoufungia mlango, ukawa unashuka mzima mzima na hasira zake zote mpaka kwa Odile.

Nilimuuliza nani kamwambia hayo.

"Wahandisi wawili," akasema. "Halafu nikaenda kuutazama mwenyewe. Hata mtoto wa darasa la pili angeona, bwana Lucien."

Akanieleza yaliyobaki. Kibali cha jimbo kimeshatoka. Mkandarasi yupo. Fidia ipo, tena si haba. Akatoa karatasi moja mkobani na kuilaza juu ya ramani. Ilikuwa na mihuri yote inayotakiwa na mstari mmoja mtupu, chini yake pameandikwa mwenye ardhi.

Nikaitazama ile karatasi kwa muda. Kisha nikasikia sauti ikisema kwamba hili ni jambo zito, linahitaji kutazamwa kwa mapana yake, pengine ingefaa iundwe kamati. Ilikuwa sauti ya Royce Tuttle, ikitoka kinywani mwangu.

Maude hakubishana. Alikunja ramani, akarudisha karatasi mkobani, akaniambia amenichagulia kalamu nzuri ya kutilia sahihi na anaiacha mezani. Niliitupa kwenye droo ya vijiko.

Kesho yake nilikwenda kwa Royce. Katika maisha yangu sijawahi kupokelewa vile. Miaka kumi na moja nimemtukana mtu huyu mbele ya mke wake, naye alinivutia kiti, akanimiminia chai, akanisikiliza kama daktari. Kabla sijamaliza kikombe nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Tuta. Royce alikuwa katibu. Mjumbe wa tatu alikuwa daktari wa meno ambaye hakuwahi kuhudhuria, na Royce alinihakikishia kwamba wajumbe wa namna hiyo ndio bora.

Nikagundua nina kipaji. Tulikutana mara saba. Mkutano wa kwanza wote tuliumaliza kwa kujadili kama tuta liitwe tuta au ukingo. Katika wa tatu nikauliza kuhusu mijusi wa majini, kama kuna mtu amewafikiria mijusi, na mijusi wale wakatupatia wiki tano. Tuliwaandikia wahandisi barua, kisha tukawaandikia barua ya kuuliza kama barua imefika. Royce alinitazama kwa macho ya baba anayemwona mwanawe akiendesha baiskeli kwa mara ya kwanza. Nilianza hata kuvaa tai.

Kila Jumapili Odile alikuja kula kwangu kama kawaida. Nilimngoja aanzishe ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa, nina hoja kumi na mbili kichwani, nyingine nzuri sana. Alikula viazi vyake, akaomba chumvi, akaulizia hali ya goti langu, akaenda zake. Wiki moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kamati inaendelea vizuri. Akasema anafurahi kusikia nimepata kitu cha kufanya.

Septemba ukaitishwa mkutano maalumu wa mji, saa nne asubuhi, Jumamosi. Ripoti ya kamati ilikuwa na kurasa thelathini na moja, na pendekezo lake lilikuwa kwamba ufanyike utafiti mwingine wa miaka miwili. Msimamizi wa mikutano yetu ni Alden Pruitt, mzee mkavu anayeheshimu kanuni kuliko anavyomheshimu Mungu. Alinipa nafasi, nikasoma. Nilisoma vizuri. Watu walisinzia kwa raha, wakiwa na uhakika kwamba hakuna kitakachowapata. Maude alikaa mbele na mkoba wake mapajani, akinitazama kama alivyowatazama wale watoto kwenye kioo.

Alden akauliza kama kuna maswali. Odile akaweka chini sindano zake na kunyoosha mkono. Katika umri wake wote hakuwahi kusema neno katika ukumbi ule.

"Nina swali moja tu, mdogo wangu," akasema. "Hiyo karatasi ya Maude inangoja sahihi ngapi?"

Nikamwambia moja.

"Ya nani?"

Nikapekua ripoti. Nikafika ukurasa wa kumi na saba, nikarudi wa tisa. Alden aligonga meza na kumkumbusha Odile kwamba kwa mujibu wa kanuni maswali hupitia kwa msimamizi.

"Basi muulize wewe, Alden," akasema Odile.

Alden akanigeukia. "Bwana Desrochers, mkazi anauliza, ni sahihi ya nani."

Mtu mmoja nyuma aliacha kutafuna. Nikasema ni yangu.

"Ahsante," akasema Odile. "Ni hilo tu." Akaketi, akachukua sindano zake, akaendelea na soksi.

Ndipo Royce, moyo wake mwema, aliposimama kuniokoa. Akasema suala hili ni nyeti, mwenyekiti wa kamati amefanya kazi kubwa na yenye maumivu, akapendekeza kamati iongezewe muda. Aliponigeukia alikuwa ananionea huruma kabisa, huruma ya kweli. Hapo nilimwelewa mtu yule. Royce hakuwa mwoga. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akimwokoa kila mwenye tuta lake asiumie, mmoja baada ya mwingine, na hivyo ndivyo dada yangu alivyojikuta ndani ya boti na cherehani mapajani. Nilitamani kumkumbatia na kumpiga ngumi kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yeye, na nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

Nikamwambia akae. Nikateremka jukwaani, nikamwomba Maude karatasi. Kalamu yake ilikuwa kwenye droo yangu ya vijiko, na Royce hakuonekana kuwa na haraka ya kutoa yake, kwa hiyo Alden Pruitt akanipa ile anayoandikia kumbukumbu, akitangaza kwanza kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda na kwa hiyo yeye hajaliona. Nilitia sahihi nikiwa nimeiegemeza karatasi juu ya zile kurasa thelathini na moja. Jina la baba yangu likatoka vibaya. Sikuwa shujaa hata kidogo. Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, na Odile alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Katapila lilikuja mwezi wa kumi na moja. Kazi aliyoifanya baba kwa majira mawili ya joto ilibomolewa kwa siku mbili na nusu, na hiyo nusu ilikuwa kwa sababu dereva alikwenda kula. Nilisimama pale siku zote mbili. Maude alipita na basi tupu, akasimama, akashuka, akakaa nami kwa muda. Nilimwambia kura yangu hatapata tena. Akasema anajua, na kwamba ameshaitoa kwenye hesabu zake.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Desemba, juu ya theluji, ile mvua mbaya ya joto ambayo zamani hatukuijua mwezi huo. Ilinyesha siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nilivaa mabuti na kutoka. Shamba la chini halikuwepo. Palikuwa na ziwa la rangi ya kahawa yenye maziwa, limetulia, mabua ya mahindi yakielea, bata wawili wameshajifanya wenyeji. Maji yalikuwa yamefika mpaka kwenye kizingiti cha banda.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Odile.

"Kwangu pakavu," akasema. "Hata mkeka wa mlangoni haujalowa. Kwako je?"

"Nimesimama kwenye maji hapa, dada. Yananifika gotini. Shamba lote limekwenda."

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe chake.

"Vizuri," akasema, akakata.

Nikairudisha simu mfukoni. Nililia pale pale kama mtoto, nikililia shamba langu na mahindi yangu na baba yangu, na bata wale wakanitazama. Kisha nikaanza kuwaondoa ndama bandani, maana maji yalikuwa bado yanapanda.