Chai ya Gauthier

Miye sina kinywa cha sukari, Bunia muzima inajua. Lakini siku ile, mbele ya muganga Théodore wa hospitali, kilifungika.

Binti yangu Ketsia alikuwa ameketi kando yangu. Tangu mwezi muzima alikuwa anajibu sauti ambazo siye hatusikii. Muganga akauliza: "Mama Charlotte, katika jamaa yenu kuna mutu mwingine aligonjwa hivi? Na dawa ilimufanya nini?"

Kaka yangu mukubwa, yaya Alphonse, akanikanyaga muguu. "Hakuna," akajibu. Familia ya muchumba wa Ketsia ilikuwa inachunguza ukoo wetu, kama desturi, mbele ya kuleta ng'ombe za mahari. Wakisikia habari ya wazimu, hawarudi. Ndiyo maana tangu miaka kumi na mbili jibu letu kwa kila mwenye kuuliza ni moja: Gauthier iko Niania, anachimba zahabu.

Gauthier, mudogo wetu! Ungemuona wakati ule, siku ya Posho, kesho yake ibada, pale kanisani Mbunya, anafunga nyuzi za gita, kwaya yote inamungojea, yeye anacheka tu. Nilikuwa ninamupikia chai ya maziwa. Anamaliza vikombe viwili, ananyoosha mukono: "Ongeza, yaya."

Alipoanza kusikia sauti, walimupa dawa. Siku ya tatu shingo ikakaza, mikono ikatetemeka, chai ikamwagika kwenye shati. Nikamugombeza: "Weye ni mutoto muchanga?" Alisema dawa inamuumiza. Siye tukawaza ni ugonjwa ndiyo unasema. Alphonse akamushika, miye nikamufungua meno, tukaongeza kidonge. Asubuhi moja akaondoka kwa miguu, gita akaliacha ukutani.

"Muganga," nikasema, "yaya anadanganya."

"Charlotte!"

"Nyamaza, weye! Unataka ng'ombe ao unataka mutoto?"

Nikaeleza yote. Théodore akaandika, kisha akasema pole pole: "Ugonjwa huu unaweza kurudi katika ukoo, lakini haukamate kila mutu. Tena kuna watu ambao miili yao, kwa kurithi, inachelewa kuvunja dawa. Dozi yenye inafaa wengine inajazana ndani yao, inawaumiza. Pengine Gauthier alikuwa hivyo. Kipimo chake hapa hatuna, mama. Tuko na maneno yako tu." Akamuanzisha Ketsia na dozi ndogo, turudi kila juma.

Wale wa mahari wakasikia, hawakurudi. Waende! Alphonse hanisemeshi, naye tutaona.

Jana, juma la sita, Ketsia alikaa kwenye kiti cha Gauthier, pale nyumbani chini ya gita. Sauti zimepunguka. Nikamumiminia chai ya maziwa, macho yangu kwenye mikono yake. Kikombe kikapanda mpaka mudomoni, hata tone halikuanguka.

"Mama, unalia nini?"

"Mujomba wako haiko Niania," nikamwambia. "Hatujui kama iko wapi. Alituambia dawa inamuumiza, na miye nilimufungua meno."

Akamaliza kikombe, akanyoosha mukono.

"Ongeza, mama."