Baba wa Siku ya Mahojiano

Bucha la Nundu halikuwa na televisheni wala redio, na halikuhitaji. Habari za mtaa mzima zilipita pale kabla hazijawafikia wenyewe: nani kahama usiku, nani karudi kwa mumewe na begi kubwa kuliko lile aliloondoka nalo, nani kanunua nyama ya mgeni na mgeni mwenyewe hajaonekana mlangoni. Nundu alishika kisu mkono mmoja na umbea mkono mwingine, na wateja waliapa kwamba ukimpelekea habari tamu, mzani unalegea kidogo upande wako.

Kwa hiyo ni haki kabisa kwamba hata mkosi wake uliingilia mlango huohuo.

"Nundu, usijidanganye," alisema Mama Saluni, msusi wa jirani, kaegemea kaunta na kitana kimechomekwa nyweleni. "Unadhani pale wanamhoji mtoto? Mtoto wanamuuliza maswali mawili matatu, basi. Wanaohojiwa ni nyinyi."

"Sisi tena? Kwani ndio tunaokwenda kulala bwenini?"

"Cheka tu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na kichwa kama huyu wako. Mtihani wa kuandika kaupasua. Siku ya mahojiano baba yake kaingia, kakaa kajitanua kama yuko kijiweni, mwalimu mkuu kamuuliza malezi yanaendaje nyumbani, yeye kajibu, 'Poa tu.' Poa tu! Mtoto leo anasoma shule ya hapa nyuma, darasa limejaa mpaka mwalimu anafundishia dirishani."

Bucha zima likacheka. Nundu naye alicheka, ila kisu kilisimama.

Shule yenyewe ilikuwa ile ya wasichana yenye ukuta mweupe, juu kule barabara inapoishia. Waliokuwa wakiomba nafasi walikuwa wengi kupita kiasi na waliochukuliwa ni wachache mno, lakini ukishachukuliwa, umeula: bweni, vitabu, chakula, vyote juu ya shule mpaka umalize. Binti wa Nundu, ambaye bucha zima lilimwita Profesa kwa sababu alianza kuwasomea wateja magazeti ya kufungia nyama hata kabla hajaota meno ya mbele, alikuwa ameshapita mtihani. Yalibaki mahojiano. Mtoto na wazazi wake wawili.

Jioni ile Nundu alijitazama kwenye kioo cha bafuni. Alikuwa na shingo iliyompa jina, mikono ambayo hata akioga vipi ilinuka kazi, na sauti iliyozoea kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Akajisikia akijibu "poa tu."

Akatoka na uamuzi. Sebuleni alikuta watu wake wamekula: mkewe, Profesa, na mdogo wake ambaye aliishi chumba cha uani pamoja na suti zake. Huyu walimwita Emsii, kwa kuwa riziki yake ilikuwa kushika kipaza sauti kwenye harusi za watu. Mwenyewe hakuwa na mke wala dalili ya mke, lakini ukimsikia akieleza ndoa ni nini, unatamani uoe tena.

"Emsii ndiye atakayekwenda," Nundu alitangaza.

"Aende kama nani?" mkewe akauliza.

"Kama baba."

"Baba wa nani?"

"Wa Profesa. Kwani Profesa anamwitaje huyu? Si baba mdogo? Sasa baba mdogo ni nani kama si baba? Mdogo ni saizi tu."

Mkewe akaweka sahani chini. "Baba Profesa, huo ni uongo."

"Uongo uko wapi? Nionyeshe kwa kidole. Sijamwambia mtu aseme neno lisilo la kweli. Wakimuuliza, 'Wewe ni baba?' aseme ndiyo. Basi."

"Kaka, mimi jukwaa lolote napanda," alisema Emsii, ameshaanza kujinyoosha kola. "Niambie tu ukumbi una watu wangapi."

"Si ukumbi, mjinga wewe. Ni ofisi."

"Na mimi wakiniuliza baba anafanya kazi gani?" Profesa akauliza.

"Sema anauza nyama. Mwanangu hatasema uongo, hata siku moja."

Profesa alimtazama baba yake kwa muda, kisha akamtazama mama yake. Mama yake akaanza kukusanya vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya mahojiano Nundu alikata nyama vibaya tangu asubuhi. Aliyetaka maini alifungiwa figo. Waliporudi mchana aliwafukuza wateja waliokuwepo, jambo ambalo halijapata kutokea, akafunga nusu mlango.

"Haya, nipeni."

"Nimewamaliza," alisema Emsii. Alikuwa na suti ya kijivu, ile ya harusi za wenye magari. "Walikuwa watatu na mwalimu mkuu, mwanamke wa miwani, hacheki ovyo. Walianza na Profesa peke yake, kisha wakatuita sisi. Nikawaeleza malezi. Nikawaambia mtoto ni ua, na nyumba ni bustani. Mmoja akaandika!"

"Waliuliza swali gani lingine?"

"Waliuliza, 'Binti anasema baba yake anauza nyama. Wewe unauza nyama?' Nikaona huu ndio mtego wenyewe. Nikajibu ukweli kama ulivyoagiza: 'Anayeuza nyama ni kaka yangu. Leo hatuko naye.' Wakanyamaza wote, kaka. Kimya! Hata mama wa chai alisimama na birika. Unajua ukumbi ukinyamaza hivyo umeukamata."

"Mwambie na lile lingine," alisema mkewe Nundu.

"Lipi?"

"Kaniita shemeji! Mbele ya watu! Anamalizia hotuba yake ya bustani, ananigeukia, 'Au sivyo, shemeji?' Nilitamani ardhi ipasuke."

"Shemeji, nililirekebisha palepale!"

"Ulilirekebisha vipi?" Nundu akauliza, mikono kiunoni.

"Nikawaambia, 'Samahani, ni mazoea. Ulimi bado haujabadilika.'"

Nundu akalipima jibu hilo kama anavyopima paja la ng'ombe. Akaona halina kasoro. Kweli ni mazoea. Kweli ulimi haujabadilika. "Umecheza," akasema, akamkatia mdogo wake kipande kizuri cha kwenda kuchoma.

Haukupita mwezi, simu ya Emsii ikaita. Profesa kachaguliwa. Siku hiyo nyumba ya Nundu ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo, na Nundu alisimulia kwa kila aliyeingia jinsi akili ilivyomjia mbele ya kioo cha bafuni. Walicheka, wakampa mkono. Mama Saluni alisema hajaona mwanaume mjanja kama yeye.

Ujanja ulianza kuwasha wiki iliyofuata. Namba ya baba iliyokuwa shuleni ilikuwa ya Emsii, kwa hiyo shule ilipotaka jambo ilimpigia Emsii, na Emsii, simu sikioni, alikuja mbio buchani.

"Kaka! Mtoto anavaa viatu namba ngapi?"

"Kaka! Aliwahi kulazwa?"

"Kaka, wanauliza anaogopa nini usiku. Nimewaambia giza. Ni giza?"

"Ni radi," Nundu alijibu juu ya mbavu za ng'ombe. "Giza haogopi. Waambie ni radi. Anajifunika mpaka kichwa, halafu anahesabu kwa sauti. Wasimcheke."

Emsii akarudi kwenye simu. "Ni radi, mwalimu. Namjua mwanangu."

Mteja mmoja akacheka. Nundu hakucheka. Alikuwa sasa anasikia habari za mwanawe kama mpangaji anavyosikia habari za maji: kupitia kwa mtu.

Siku ya kuripoti akasema liwalo na liwe, anakwenda. Hata kama ni kubeba sanduku, atabeba. Emsii, mama na Profesa walipanda teksi ili suti isikunjamane. Nundu alitangulia na pikipiki ya bucha, sanduku la bati limefungwa nyuma ambako kawaida hukaa miguu ya ng'ombe.

Mlinzi wa getini alimwambia sanduku lisubiri hapohapo. Wanafunzi wapya wanaingia ofisini na wazazi wawili tu, mizigo baadaye. Baada ya dakika chache teksi ikafika, wakapita, Profesa akampungia mkono kwa siri, teksi nyingine mbili tatu zikafuata, na mlinzi akafunga geti. Kisha akamvutia Nundu kigoda, maana mlinzi aliyekaa peke yake asubuhi nzima humjua mpenda maneno hata kwa harufu.

"Umewaona hao waliopita sasa hivi na teksi?" akanong'ona. "Mzee, hiyo ni sinema."

Nundu alikuwa amegeukia kamba ya pikipiki, na kwa kuwa teksi zilizopita zilikuwa kadhaa, akadhani wanasemwa wengine. Akasogeza kigoda. "Nipe."

"Yule mama alikuwa na mume wake wa halali. Kamwacha. Unajua kaenda kwa nani?"

"Kwa nani?"

"Kwa mdogo wake mume! Damu moja!"

"Acha!" Nundu akajipiga paja. Zilikuwa zimepita wiki hajapata kitu cha namna hii. "Na bado wanakuja mbele za watu?"

"Mkono kwa mkono. Mama wa chai alikuwemo ofisini siku ya mahojiano, kaniambia mwenyewe. Jamaa kakaa pale kajitambulisha, 'Mimi ndiye baba.'"

"Huyo mama ana roho ya chuma. Na huyo mume aliyeachwa alikuwa wapi mpaka mdogo wake anahamia?"

"Ndilo nililouliza na mimi."

"Bwege huyo," Nundu akahukumu. "Mwanaume anayeibiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe ni bwege, hakuna jina lingine. Lazima ndiye aliyemkaribisha."

"Tena jamaa bado ulimi unamponyoka. Alimwita shemeji palepale mbele ya walimu! Akasema wamvumilie, ni mazoea ya zamani, ulimi haujabadilika."

Tabasamu la Nundu lilibaki usoni, ila halikuwa tena na mtu ndani.

"Na mume," akauliza taratibu, "anafanya kazi gani?"

"Muuza nyama."

Mlinzi aliendelea, kwa kuwa utamu ulikuwa bado mbele. Walibaki wasichana wawili na nafasi moja, alama zao sawasawa. Yule mwingine kwao shwari, baba na mama wametulia. Walimu wakabishana. Mwishoni mwalimu mkuu akasema huyu wa muuza nyama ndiye achukuliwe, maana nyumba ile ni vita, mtoto ataharibikiwa. Heri aje bwenini apumue.

"Na huyo mama hana wasiwasi?" Nundu akauliza. "Ikigundulika, tuseme, kuna neno halikwenda sawa..."

"Hapa? Mwalimu mkuu uongo hataki kuusikia. Mwaka jana kuna mtu alidanganya umri wa binti yake. Walirudi na godoro lao siku ileile."

Geti likafunguka kwa ndani. Mwalimu mkuu wa miwani alitoka kuonyesha mahali pa mizigo, na nyuma yake mama, Emsii, na Profesa ndani ya sweta jipya lililomzidi mikono. Profesa akamwona mwenye sanduku. Kanuni zote zikamtoka.

"Baba!"

Akaja mbio akamkumbatia shingo. Mlinzi alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mwalimu mkuu alimtazama Nundu kuanzia mikono yake mpaka pikipiki, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo pengine shule ile haijawahi kuiona. Akamvuta pembeni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye baba yake hasa."

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Kila kitu tunakijua. Na umekuja hata hivyo, umebeba na sanduku. Huo ni ukomavu, baba. Wanaume wengi wangekuja na panga." Akashusha sauti. "Kama kuna jambo ambalo sikuelezwa sawasawa, niambie sasa. Mimi napenda ukweli."

Nundu alipiga jicho nyuma yake. Emsii alikuwa anatabasamu kama yuko jukwaani, hana habari. Mkewe alikuwa anamfuta Profesa vumbi ambalo halikuwepo. Profesa alikuwa amekunja mikono ya sweta, anapitisha kidole taratibu kwenye nembo ya kifuani, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayesoma.

Ulimi wa Nundu, ambao haukuwahi kukaa na habari tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ukalala.

"Hakuna jambo, mwalimu," akasema, akainamisha shingo ile kubwa. "Ni kama mlivyosikia. Nimemwachia Mungu."

"Pole sana. Tutakupangia Jumapili yako peke yako ya kumtembelea. Si pamoja na wale. Tusiumizane."

"Ahsante," alisema Nundu, na hapo hakuwa anaigiza hata kidogo.

Sanduku likaingia, Profesa akaingia, geti likafungwa. Mkewe alifungua mlango wa nyuma wa teksi, akajisogeza kumpisha.

"Panda basi, twende wote. Pikipiki ataifuata mtu."

"Tangulieni."

"Una nini wewe? Ulikuwa unalia?" Akageuza kichwa. "Na huyu mlinzi mbona ananitazama hivi, tangu viatu mpaka kichwani?"

Nundu akamtazama mlinzi. Mlinzi akaangalia pembeni, kama watu wanavyofanya mbele ya mfiwa.

"Gauni," Nundu akasema. "Kalipenda gauni lako."

Mkewe akajitazama, akalinyoosha magotini, akatabasamu kidogo. Emsii akaingia upande wa pili, akajiweka sawa suti yake, na teksi ikawachukua wote wawili, wamekaa nyuma wima kama maharusi.