Mikono ya Bwana Josselin

Mzee Enguerran alipiga magoti kwa shida, goti la kushoto likalia kama bawaba, na wenzake wakacheka chinichini. Alikuwa kichwa wazi, bila upanga, maana ndivyo askari wa farasi anavyokwenda kumwapia bwana wake. Mbele yake, juu ya kiti cha baba yake aliyefariki, alikaa bwana mpya wa ngome ya Montaubin: Josselin, miaka sita, miguu ikining'inia hewani.

Pembeni alisimama Renier, mdogo wa marehemu. Huyu hakuwa na haya hata kidogo. Udongo wa kaburi haujakauka, tayari alishampeleka mama wa mtoto kwa watawa, eti akapumzike, kisha akahamia chumba cha marehemu na kujifunga funguo zote kiunoni.

"Mtoto hawezi," Renier alisema kwa sauti tamu. "Tazameni vimikono vyake. Ataifunikaje mikono ya mzee huyu? Nitampokelea mimi."

Kila askari mle ukumbini alielewa. Kiapo kinakaa mikononi: bwana huifunika mikono ya mtu wake kwa mikono yake mwenyewe, na aliyeifunika ndiye mwenye mtu. Renier akishawafunika wote, mtoto angebaki na kiti tu. Na Enguerran alikuwa wa kwanza. Wengine walikuwa wakimwangalia yeye.

Ardhi yake ilipakana na mashamba ya Renier, na huko alikuwa na binti, wajukuu na ghala limejaa nyasi kavu, la kuwaka kwa cheche moja. Aliogopa, tena sana.

"Haya mzee, lete mikono," Renier alihimiza. "Au imeganda?"

"Ipo. Ila sikuja kukuapia wewe."

"Unasemaje?"

"Umesikia. Masikio hayo yote ya nini?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

Enguerran alikunja vidole vyake, akaacha viwili tu, kimoja kila mkono, akavibana pamoja. "Bwana wangu, shika hivi. Kaza."

Josselin akavifunika kwa mikono yake miwili. Vilienea. Mzee akatamka kiapo chote, polepole, kila mtu asikie, na mtoto akambusu shavuni kama desturi ilivyotaka. Nyuma yao askari wa pili alikuwa ameshaanza kukunja vidole. Renier alisimama kapauka.

"Sasa wewe ni wangu?" Josselin aliuliza, bado kang'ang'ania vidole.

"Wako, bwana."

"Wangu kabisa? Si wa baba mdogo?"

"Wako peke yako."

"Nikisema kitu, utafanya?"

"Nitafanya."

Mtoto akamtupia Renier jicho, akainama kwenye sikio la mzee, na ukumbi mzima ukasikia, maana watoto hawajui kunong'ona.

"Kamlete mama."

Machozi yakamtoka Enguerran mbele za watu, wala hakuyafuta. Akainuka, akaagiza farasi wake aletwe.