Vumbi la Mwezi wa Mshtarii

Volkmar Tietze alileta keki mapema mno. Kwenye taasisi ile ya utafiti wa anga, kilimani juu ya mji wa Heidelberg, mwenye furaha ndiye anayelisha wenzake, naye furaha alikuwa nayo. Chombo cha angani kilichopita karibu na mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii kilikuwa kimeleta habari za kugongwa na vumbi, tena jingi. Miaka yote Volkmar alishikilia kwamba vimondo vinaupiga mwezi ule na kutimua vumbi linaloelea kuuzunguka. Safari hii akikosa ushahidi, kazi yake inafungwa.

Lothar wa karakana alijikatia kipande kikubwa, akamuuliza kama hatimaye amepata mtoto. Wengine walikula wamesimama, wakarudi kwenye picha za kamera ya chombo. Vumbi lilikuwa la Volkmar tu. Hata mkewe, Irmtraud, alishahama, akisema mwanamume anaona vumbi la mbinguni, la juu ya kabati halioni.

Basi akabaki na mapigo yake, alama za kila kilichokigonga chombo. Kabla ya kusherehekea, mtu wa kazi hii hulinganisha kila pigo na mitikisiko ya chombo chenyewe. Yeye, kwa uroho, aliiruka hatua hiyo. Sasa akalinganisha. Kamera ikigeuza shingo, mapigo tele. Kamera ikitulia, karibu kimya. Akarudia, akiomba awe amekosea. Hakukosea.

Akinyamaza, nani atajua? Hapakuwa na mwingine wa kuzisoma alama zile. Hilo ndilo lililomuuma: hata wa kumdanganya hakuwa naye.

Akaenda kwa Swantje, mkuu wa idara, mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake.

"Si vumbi," alisema. "Kamera yenu ndiyo inayotikisa chombo."

Swantje alikuwa bado anatafuna. "Yote, mzee?"

"Yapo machache yasiyo ya kamera. Yametoka upande wa mwezi."

"Si ndiyo hayo sasa?"

"Machache hivyo, hata bahati inaweza kuyaleta. Usiniandikie kitu kwenye ripoti."

Swantje akamtazama kwa huruma, jambo ambalo Volkmar hakulipenda, kisha akamwambia taratibu kwamba Krismasi ikipita watakihitaji chumba chake. Volkmar akajibu sawa.

Alirudi, akafunga mlango, akayafungua yale machache. Hayakutosha kumshawishi mtu yeyote. Aliyatazama moja baada ya jingine, huku wenzake wakiagana nje na kuteremka kwenda mjini.